Jora la Mzee wa Chapa

Mzee wa Chapa alitembea na chaki mfukoni. Hakuwahi kuwa mwalimu. Chaki ilikuwa ya kusahihisha vibao vya watu. Akipita mtaa wa Kanyenye akaona kinyozi ameandika "Tunanyoa nywere na ndevu", alivuka barabara hata kama pikipiki zinapita, akaikata ile R kwa mstari mmoja, akaandika L juu yake, akapangusa vidole kwenye suruali na kuendelea na safari. Hasemi neno. Siku moja kinyozi alimfuata mpaka njiani, mashine ya kunyolea bado iko mkononi.

"Mzee, kibao ni changu!"

"Kibao ni chako," akamjibu bila kugeuka. "Kiswahili ni chetu sote."

Naanza na chaki kwa sababu ndiyo iliyokuja kunishtua kuliko yote. Lakini sitafika huko haraka. Mimi naandika taratibu. Nilimaliza darasa la saba nikakaa kwenye cherehani, na hata haya nimeyaandika kwa siku nyingi, mstari leo, mstari kesho.

Tulikuwa baraza moja. Mimi na cherehani yangu nje, yeye ndani na duka lake la kutoa kopi, kupiga picha za pasipoti na kuchapa barua za watu. Watu walimwita Mzee wa Chapa kwa sababu zamani alifanya kazi kwenye kiwanda cha uchapaji, akipanga herufi za madini ya risasi kwa mkono, moja moja, zikiwa kichwa chini. Kazi hiyo ilimwachia vitu viwili: dole gumba bapa kama kijiko, na uwezo wa kusoma maandishi yaliyogeuzwa. Mteja akiweka fomu juu ya meza, yeye akiwa upande wa pili ameshaisoma yote.

"Mama, hapa umeandika umezaliwa mwakani."

"Yesu wangu! Umeonaje?"

"Nimeona."

Hakupenda kuharakishwa. Ukimwambia una haraka, alikuwekea kiti. Watoto wa sekondari wakimtumia meseji wameandika "cjui", aliwauliza, "Huyu Cjui ni nani? Mleteni nimwone." Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kama kitambaa kilichopigwa pasi, na hakuchanganya na kitu. Kila asubuhi alipita mama anayeuza matobolwa, vile viazi vya kuchemsha na kukausha, akamsalimia kwa Kinyamwezi, "Mwangaluka, baba." Mzee alijibu, "Njema, mama. Habari za asubuhi." Kila siku. Matobolwa alinunua na akala na chai mpaka yakaisha, lakini salamu hakuipokea hata mara moja. Nilidhani hajui Kinyamwezi. Nilidhani labda ni mtu wa pwani aliyepotelea huku kwetu.

Kwa muda mrefu nilijua yeye ni mtu wa kopi tu. Kisha mvua ikaninyeshea vitambaa, nikaingiza cherehani ndani ya duka lake, na nikaona kwenye kompyuta yake maneno ninayoyajua. Twika. Rudia. Kama. Tua. Nilisimama pale nikiwa nimeshika mguu wa cherehani. Nilikuwa nimeambiwa kompyuta ni ya watu wa Kiingereza, na mimi Kiingereza kilinikataa darasa la tatu.

"Mzee," nikasema, na mimi si mtu wa kuuliza maswali. "Hiyo inasema Kiswahili?"

"Kompyuta haisemi Kiswahili wala Kiingereza," alisema. "Inajua ndiyo na hapana, basi. Hata Mzungu akiandika, lazima awepo wa kumpokelea maneno yake na kuyashusha upande wa pili yakiwa ya mashine. Anaitwa kompaila. Wao wana wa kwao. Huyu ni wetu."

Wa kwetu alimwita Mpagazi, kama wale waliobeba mizigo kichwani kutoka hapa kwenda pwani na kurudi, enzi za misafara. Alimwandika peke yake, miaka na miaka, katikati ya kopi za vyeti. Ukitaka kukipa kitu thamani, unakitwika: "twika kiuno 60". Ukitaka jambo lifanyike tena na tena, unaandika "rudia". Ukimaliza, unatua. Na kazi ikienda sawa, Mpagazi anaandika chini: Mzigo umefika.

Siku ile sikulala vizuri. Mtu anakaa hatua tano kutoka kwako, unamwona anafukuza nzi, kumbe ndani ameweka kitu kama hicho.

Akanifundisha. Hakusema "nakufundisha." Alisogeza kiti. Nilianza na sketi za shule, zile za marinda. Nilitaka nikiingiza kiuno na urefu, mashine inipe idadi ya marinda na upana wa kila kipande, nisiharibu kitambaa. Niliandika kwa kidole kimoja. Yeye alikaa nyuma yangu akitafuna matobolwa, akiangalia. Ilipokubali nilipiga kelele mpaka watu wakachungulia dukani. Baada ya hapo nikaandika ya mashati, ya suruali, ya magauni ya kwaya. Wengine nao wakaja. Nesi mmoja wa upande wa Ziba aliandika yake ya kuwatumia akina mama meseji siku ya kliniki ikikaribia. Alikuja na basi, akakaa siku mbili, akaondoka nayo kwenye flashi.

Sasa niseme habari ya jora.

Mpagazi mzima alikuwa faili moja. Maelfu ya mistari, mwanzo hadi mwisho, bila kukatika. Mzee alimchapa kwenye karatasi ile ndefu yenye matundu pembeni, akamviringisha kama jora la kitambaa na kumweka juu ya kabati. Kukitokea tatizo alishusha jora, akalifungua sakafuni mpaka linatoka mlangoni na kufika kwenye cherehani yangu, akatembea juu yake bila viatu. Alisimama mahali, akaweka dole gumba. "Ni hapa." Na kweli ilikuwa hapo.

Alikuwa na msemo: "Kilichozaliwa kimoja hakikatwi." Na mwingine, aliowaambia wauza nguo za mitumba walipoweka matandiko mbele ya duka: "Mnajua maana ya mtumba? Si nguo kuukuu. Mtumba ni mzigo wa kichwa kimoja. Uliofungwa mtu mmoja aweze kubeba." Walimcheka. "Haya mzee, njoo ubebe huu mmoja basi!" Misemo hii miwili aliisema kwa mdomo uleule, na si mimi wala yeye aliyeona kwamba inagombana.

Kisha macho yakaanza. Daktari alisema ni presha ya macho, la kushoto limekwisha na la kulia linafuata. Mzee hakutuambia. Nilijua siku nilipomwona anavuka barabara na chaki kwenda kwenye kibao cha mama ntilie. Aliandika ile L yake kwa utulivu kabisa, pembeni ya kibao, kwenye ukuta mtupu. Akapangusa vidole, akaondoka. Mama ntilie akanitazama, nikamtazama. Hakuna aliyecheka.

Wiki ileile alishusha jora, akalitembelea mara tatu na hakupata mahali pa kuweka dole.

Hapo ndipo alipokuja Dotto, kijana wa mtaa wa Cheyo aliyesomea kompyuta chuoni Dar na kurudi nyumbani. Alipoona Mpagazi alishika kichwa.

"Mzee wangu, hii kitu ni moto! Lakini faili moja? Yote? Hapana, hii ni hatari."

"Hatari kwa nani?"

"Kwa kila mtu. Mtu akitaka kurekebisha bawaba ya mlango, abebe nyumba nzima? Tuigawe moduli moduli. Ya kusoma maneno iwe peke yake, ya kupanga sentensi peke yake, ya kuandika ya mashine peke yake. Kila moja na mtu wake."

"Asibebe nyumba. Aniite mimi."

"Na wewe usipoona?"

Nilikanyaga cherehani bila uzi, nipate tu kelele. Mzee alimimina chai, ikapita ukingo wa kikombe ikamwagika mezani, akaendelea kumimina.

"Chukua nakala," akasema mwishowe. "Kata nakala. Usikate jora."

Dotto alikata kwa wiki tatu. Alifanya kazi safi, mwenyewe alisema. Kumbe hakungoja ruhusa. Alishampelekea nesi wa Ziba, na siku ya nne baada ya hapo akaniwekea mimi, kwenye kompyuta ndogo niliyonunua kwa mkono wa pili. Nilikuwa na sketi za shule nzima za kukata. Nikafungua programu yangu, nikabonyeza, na badala ya "Mzigo umefika" yakaja maneno haya: Mstari wa 4, silijui neno "ludia".

Nikabonyeza tena. Silijui.

"Dotto, umeiharibu. Haijui ludia."

Dotto akainama, akatazama, akaanza kucheka. Hakuwa mbaya, alicheka kama mtu aliyepata jibu. "Fundi, si ludia. Ni rudia. R! Umekuwa unaandika ludia siku zote?"

Wauza mitumba wakapokea. "Fundi analudia! Ludia basi tusikie!" Walicheka mpaka mmoja akakaa chini.

Sikuwa nimejua. Nyumbani kwetu tunasema ludia, mama anasema ludia, nami niliandika nilivyosikia. Lakini aibu haikuwa kitu kikubwa, aibu nimeizoea. Kilichonishtua ni kingine. Mtu aliyevuka barabara kwa ajili ya "nywere" ya kinyozi asiyemjua alikaa nyuma yangu, akanitazama nikiandika ludia, leo, kesho, miaka miwili, akitafuna. Hakuniambia. Nilijiuliza kwa nini, nikapata jibu moja tu: aliona sistahili kusahihishwa. Mimi ni darasa la saba, niache hivyohivyo.

Nilihamisha cherehani. Nikakaa baraza la pili, nikimpa mgongo.

Zilipita siku tisa. Kila asubuhi nilisikia mama wa matobolwa akisema mwangaluka na Mzee akijibu njema. Kisha Dotto akaja kwangu, safari hii hacheki. Amebeba jora.

"Fundi, nisamehe. Njoo uone kitu."

Alisema alipokuwa akimgawa Mpagazi alikuta vijistari vilevile mahali kumi na mbili, vyote vinafanya R na L ziwe herufi moja. Alidhani ni uchafu, makosa ya mzee anayesahau. Akavifuta vyote. Hakusoma kilichoandikwa juu ya cha kwanza, kwa sababu ni maneno ya binadamu na mashine huyaruka. Alinionyesha. Nilisoma kwa kidole:

"R na L hapa ni mlango mmoja. Usiondoe. Fundi cherehani hupita hapa."

Nikaisoma tena. Mtu yule hakuwa amenyamaza. Badala ya kunirekebisha mimi, alikuwa amekwenda kuirekebisha mashine, mahali kumi na mbili, kwa macho yale.

Tulikuwa bado tumesimama na jora mikononi simu ya Mzee ilipolia ndani ya duka lake, tukaingia. Alizoea kuweka sauti ya nje kwa sababu hakuona vitufe. Ni nesi wa Ziba. Yeye naye aliandika kama mimi, na programu yake ilikuwa imenyamaza. Akina mama wa wiki nzima hawakupata meseji. Mmoja mjamzito, mwenye damu pungufu, alikosa kliniki, wakamfuata kwa baiskeli.

"Amepona?" Mzee aliuliza.

"Tumemuwahi. Nimerudisha toleo la zamani, linafanya kazi. Lakini baba, nisamehe nikisema hili. Hilo la zamani likiharibika nimpigie nani? Macho yako yakifunga, nani anafungua?"

Mzee akasema, "Umeona Dotto alivyokata. Ndiyo maana nakataa kukata."

Nami sijui ni nani aliyenisukuma, kwa sababu mbele ya watu mimi huwa sina sauti.

"Mzee, si ni mitumba?"

"Nini?"

"Hizo moduli. Si ulisema mtumba ni mzigo wa kichwa kimoja? Wewe umebeba msafara mzima kichwani. Msafara haukubebwa na mtu mmoja. Akianguka yeye, basi umeanguka wote."

Mzee aligeuza uso mahali sauti yangu ilipotoka, na nikaona kwamba hanioni kabisa. Hata kivuli.

"Kesho asubuhi," akasema. "Njoo na mkasi."

Nilidhani amekasirika. Kumbe alimaanisha mkasi. Asubuhi tulifungua jora sakafuni, akakaa kwenye kiti, akaniambia nisome. Dotto akasema, "Mzee, nisome mimi, fundi ni mtaratibu." Mzee akasema, "Ndiyo maana."

Nikasoma. Mstari, mstari. Kila baada ya kipande alisema, "Geuza karatasi. Nisimulie umesoma nini." Nikisimulia bila kutazama, alisema, "Huo umebebeka. Kata." Nikichanganyikiwa katikati alisema, "Mzito. Rudi nyuma, tafuta pa kutua." Kipimo kilikuwa kichwa changu. Kisichobebwa na kichwa cha darasa la saba alikiita mzigo uliofungwa vibaya, akakilaumu yeye mwenyewe aliyeufunga, hakunilaumu mimi. Nilipokata mara ya kwanza, mkasi ukilia kwenye karatasi, alishtuka kama nimemkata yeye. Akashika magoti. "Endelea."

Ilituchukua siku kumi na nane. Dotto alifuata nyuma, akikata kwenye kompyuta palepale nilipokata kwenye karatasi. Jora likawa marobota kumi na moja, kila moja nimelifunga kwa uzi wa cherehani. Vikabaki vile vijistari kumi na mbili vya R na L. Nilivishona pamoja vikawa utepe mmoja mfupi.

"Huu tuutupe," nikasema. "Sasa najua. Ni rudia. Nitarekebisha programu zangu zote, na nesi nitamwambia."

"Utaweza?"

"Nitaweza."

"Uweke kwanza na mengine," alisema. "Tuone msafara mzima kama unatembea. Kisha utatupa, wewe ndiye unayepita hapo."

Dotto akauweka, ukawa mzigo wa kumi na mbili. Akasema kila kitu tayari, tujaribu, nani aandike? Mzee akanyoosha mikono hewani. Tulimsogeza mpaka mezani, nikamwekea vidole juu ya vitufe. Hakuhitaji zaidi. Mtu aliyepanga herufi zikiwa kichwa chini hahitaji kuziona. Aliandika mistari mitatu, polepole, dole gumba likigonga nafasi.

"Soma," akaniambia.

Nilitazama, nikainama karibu zaidi na kioo.

"Soma, fundi."

"Mzee. Umeandika ludia."

"Najua nilichoandika."

"Lakini wewe..."

"Nyumbani kwetu Uyui, hukuhuku, tulisema ludia," alisema. "Nikaenda shule, nikachapwa mpaka R ikakaa. Nikaenda kiwandani, ukikosea herufi unasimamishwa mbele ya wenzako. Ikakaa. Nami nikaenda kuikalisha kwenye vibao vya watu." Alipangusa vidole kwenye suruali ingawa havikuwa na chaki. "Wewe ulipokuja ukaandika ile ya kwetu, na mashine niliyoitengeneza kwa mkono wangu ikakukataa. Nilisikia fimbo. Sasa bonyeza."

Nikabonyeza. Dotto alikuwa ameweka mkono mdomoni.

Kwenye kioo yalitokea maneno matatu yaliyofanana, moja chini ya jingine, na chini kabisa: Mzigo umefika.

"Imekubali?" Mzee aliuliza. "Inasema nini?"

Nikamsomea kama ninavyosoma siku zote, taratibu.

"Mwangaluka," nikasoma. "Mwangaluka. Mwangaluka."

Ya tatu, akaitikia kwa Kinyamwezi.